Kivu: Pesa chache, maombi mengi, hivi ndivyo mashirika ya hapa yanavyochagua kikundi cha kusaidia

Katika kata nyingi za Goma, Bukavu, Uvira, Butembo na Bunia, swali ni lile lile kila mara matokeo ya maombi ya msaada yanapotoka: kwa nini kikundi cha jirani kimepata na chetu kimekosa? Wengine wanasema ni ukabila. Wengine wanasema ni kujuana. Wengine wanasema kuna mtu aliyekula. Kuna siku wanasema kweli. Lakini mara nyingi uamuzi ulianza kufanyika mapema, katika hatua ambazo kikundi kilichoomba hakikuzijua: siku ya tangazo, siku ya kuhakikisha makaratasi, siku ya kutoa alama, na siku ya kwenda kuona kazi kwa macho.

Swali hilo limekuwa zito zaidi tangu mwaka 2025. Marekani, ambayo mwaka 2024 ililipa karibu asilimia 70 ya misaada ya kibinadamu katika DRC, ilisimamisha misaada yake ya nje mwezi Januari 2025, na idara yake ya USAID ikafunga kazi tarehe 1 Julai mwaka huo. Kati ya tarehe hizo mbili, mwezi Februari, Umoja wa Mataifa na washirika wake waliomba dola bilioni 2.54 ili kusaidia watu milioni 11 nchini. Kwa shirika la hapa lenye ofisi ya vyumba viwili na wafanyakazi sita, maana yake ni rahisi kuelewa: bahasha imepunguka, wanaoomba wameongezeka.

Wanaoomba si watu wa mchezo. Ni wamama wanaoendesha nyumba za kusikiliza wanawake waliobakwa. Ni vijana wanaowarudisha maibobo shuleni au kwa familia zao. Ni vikundi vya walemavu, vya wazee waliobaki peke yao, vya familia zilizopokea wakimbizi wa ndani, na vya walimu wanaofuata watoto waliotoka katika makundi yenye silaha. Wengi wao hufanya kazi hiyo bila mshahara. Kukosa msaada wa miezi sita kunaweza kufunga mlango uliokuwa wazi kwa miaka kumi.

Pesa inapita mikono mingi

Mara nyingi shirika la hapa haligawi pesa yake lenyewe. Linagawa pesa iliyotoka mbali, na kila mkono ulioipitisha umeweka sharti lake.

Kuna njia kadhaa. Mojawapo ni Mfuko wa Kibinadamu wa DRC, unaojulikana kwa jina la Fonds Humanitaire, ulioanza mwaka 2006 na unaosimamiwa na OCHA. Nchi wafadhili zinaweka pesa zao pamoja, kisha mashirika ya Umoja wa Mataifa, ya kigeni na ya Congo yanashindana kwa miradi. Njia nyingine ni makanisa, kwa mfano Caritas za majimbo ya kikatoliki, ambazo zina watu hadi parokia za mbali. Tena kuna mfuko ulioanzishwa na Wacongomani wenyewe: Fonds pour les Femmes Congolaises, uliozaliwa mwaka 2007 na ambao mwanzilishi wake ni Julienne Lusenge, mwanaharakati aliyeanza kazi kama mwandishi wa habari wa redio na aliyepewa tuzo ya haki za binadamu ya Umoja wa Mataifa mwaka 2023. Mfuko huo uliundwa kwa ajili ya kufikisha pesa kwa vikundi vya wanawake vya mashinani, ambavyo wafadhili wakubwa hawavioni.

Mwezi Mei 2016, huko Istanbul, wafadhili na mashirika makubwa waliahidi kwamba kufika mwaka 2020 asilimia 25 ya pesa za misaada duniani itawafikia watendaji wa nchi husika kwa njia iliyo fupi kadiri iwezekanavyo. Lengo hilo halikufikiwa. Ndiyo maana kikundi cha Walungu au cha Rutshuru bado kinapokea pesa iliyopita kwa mfadhili, kwa shirika la kimataifa, kisha kwa shirika la Bukavu au la Goma. Kila kituo kinabakiza kitu cha kuendesha ofisi. Katika Mfuko wa Kibinadamu, gharama za aina hiyo haziruhusiwi kupita asilimia 7 ya matumizi ya mradi.

Mikono hiyo mingi inaeleza jambo moja ambalo waombaji wengi hawalioni. Kamati ya hapa inapoketi, sehemu kubwa ya uchaguzi imekwisha kufanyika. Mfadhili ameshasema eneo gani, kazi ya aina gani, kwa muda gani, na tarehe gani pesa lazima iwe imetumika. Tangazo likisema ulinzi wa watoto katika Kalehe, kikundi cha walemavu cha Walungu kimekosa hata kabla barua yake haijafunguliwa, hata kama kazi yake inasifiwa na kijiji kizima. Kusoma tangazo hadi mstari wa mwisho kunaokoa wiki mbili za kuandika bure.

Mlango wa kwanza ni makaratasi

Hatua ya kwanza haihitaji kamati. Mtu mmoja ofisini anachukua mafaili na kutazama kama yametimia: katiba ya kikundi, majina ya viongozi, barua ya serikali, akaunti ya benki yenye sahihi zaidi ya moja, na ripoti ya kazi iliyokwisha kufanyika.

Sheria namba 004/2001 ya tarehe 20 Julai 2001 ndiyo inayoongoza mashirika yasiyotafuta faida katika Congo. Haki kamili ya shirika hutolewa na Waziri wa Sheria, Kinshasa. Njiani kuna stakabadhi inayoitwa F92, ambayo mashirika mengi ya mashariki huonyesha yakisubiri. Kwa kikundi cha wamama wa Shabunda au cha Minembwe, kufuata faili hadi Kinshasa ni safari ya ndege na miezi ya kungoja. Kwa hiyo mlango huu unachuja wale walio mbali na mji kabla ya kuchuja wale walio wazembe.

Mashirika yanayojua mashamba yamepata njia ya kupunguza ubaya huo. Kikundi kisicho na barua kinaweza kubebwa na shirika lenye barua: lile kubwa linapokea pesa na kujibu mbele ya mfadhili, hili dogo linafanya kazi. Njia hiyo inasaidia, lakini ina hatari yake. Ikiwa mapatano hayakuandikwa, mkubwa anaweza kubaki na nusu na kusema ni gharama za ofisi. Kikundi kinachokubali kubebwa kinapaswa kudai karatasi yenye kiasi, tarehe na sahihi za pande zote mbili kabla ya pesa kufika.

Lugha nayo ni mlango. Fomu nyingi ni za Kifaransa, na nyingine zinajazwa kwenye intaneti. Mama anayejua kila familia yenye shida katika kata yake anashindwa na sanduku linaloitwa « cadre logique », na kijana aliyesoma chuo kikuu anamwandikia kwa malipo. Hapo kamati inasoma kalamu ya kijana, haimsomi mama. Shirika linalokubali maombi kwa Kiswahili, au linalomtuma mtu kusikiliza maelezo kwa mdomo na kuyaandika, linapata habari za kweli zaidi kwa gharama ndogo.

Ndani ya kamati

Mafaili yaliyopita mlango wa kwanza yanafika mezani. Kwa kawaida watu watatu hadi saba wanayasoma, kila mmoja peke yake, na kutoa alama. Wanatazama ukubwa wa shida, idadi ya watu watakaosaidiwa, bei, uwezo wa kikundi, nafasi ya wanawake katika uongozi, na kama mradi hauwezi kuwasha moto kati ya jamii mbili za eneo moja. Baadaye wanalinganisha alama na kubishana.

Ubishi mkubwa huwa ni hesabu. Chukulia mfano. Shirika lina dola 30,000. Vikundi 12 vimeomba, na jumla ya maombi yao ni dola 96,000. Njia ya kwanza ni kugawa sawa kwa sawa: kila kikundi dola 2,500. Hakuna atakayelalamika sana, lakini hakuna atakayemaliza kazi. Aliyeomba dola 8,000 kwa ajili ya nyumba ya kusikilizia atapata pesa ya kuta bila pesa ya mabati. Njia ya pili ni kuchagua vikundi vinne na kuvipa dola 7,500 kila kimoja. Kazi nne zitasimama, na vikundi vinane vitarudi mikono mitupu.

Katika hao wanne, nani aingie? Tuseme kikundi cha kwanza kinaomba dola 7,000 kwa mbegu na mafunzo ya watu 350. Ni dola 20 kwa kila mtu. Kikundi cha pili kinaomba pia dola 7,000, lakini kwa kusindikiza wanawake 35 waliobakwa. Ni dola 200 kwa kila mtu. Kwa kipimo cha bei peke yake, cha pili kinashindwa vibaya.

Lakini mwanamke aliyebakwa lazima afike kwa daktari katika saa 72 ili dawa ya kuzuia virusi vya UKIMWI iweze kufanya kazi. Akiwa katika kijiji cha Masisi ya ndani au cha Fizi, saa 72 hizo ni pesa ya pikipiki usiku, mtu wa kumsindikiza, chakula njiani, na mahali pa kulala akifika. Baada ya hapo kuna kumsikiliza, kumsaidia kupata hati ya daktari ikiwa anataka kwenda mahakamani, na kumtafutia njia ya kuishi ikiwa mume amemfukuza. Hospitali ya Panzi ya Bukavu, iliyoanzishwa mwaka 1999 na Daktari Denis Mukwege, imejulikana duniani kwa kuunganisha mambo hayo manne: tiba ya mwili, msaada wa moyo, sheria, na maisha ya kila siku. Kazi ya namna hiyo haiwezi kuwa ya dola 20 kwa mtu. Kamati inayotazama bei tu itaikata kila mwaka, na kila mwaka itaandika katika ripoti yake kwamba imesaidia watu wengi.

Kamati zenye uzoefu hutatua jambo hilo kwa kutenga bahasha kabla ya kufungua maombi: moja kwa kazi zinazofikia watu wengi kwa pesa kidogo, nyingine kwa kazi za watu wachache wenye shida kubwa. Hapo mbegu zinashindana na mbegu, na nyumba ya kusikilizia inashindana na nyumba ya kusikilizia. Nyingine zinaacha sehemu ndogo pembeni kwa ajili ya dharura, kwa sababu Kivu na Ituri zina desturi ya kuvuruga kila mpango ulioandikwa mwezi wa kwanza. Mwezi Februari 2025, kambi kubwa za wakimbizi wa ndani pembeni ya Goma zilivunjwa kwa siku chache. Mradi uliopangwa kwa watu wa Bulengo haukuwa tena na watu huko Bulengo.

Kuna pia sharti la aibu ndogo lenye faida kubwa: mjumbe wa kamati mwenye dada, kaka, mchungaji au rafiki wa karibu katika kikundi kilichoomba anatoka chumbani wakati faili hilo linajadiliwa, na kutoka kwake kunaandikwa. Katika miji ambamo kila mtu anajuana na kila mtu, sharti hilo linawatoa watu mara nyingi. Ni afadhali watoke.

Kwenda kuona kwa macho

Alama za mezani hazitoshi. Shirika la makini linatuma watu wawili, bora wasio wa kabila moja wala kanisa moja, kwenda mahali kikundi kinaposema kinafanya kazi.

Ujanja wanaokutana nao unajulikana mashariki yote. Cherehani zimeazimwa kwa siku moja. Watoto wameitwa kutoka kata nyingine ili kujaza chumba. Bango ni jipya, rangi yake bado inanukia. Dawa yake ni rahisi: kufika bila kutangaza mara ya pili, na kuuliza watu wasio wanachama. Mwenye duka la pembeni, muuguzi wa kituo cha afya, mkubwa wa avenue na dereva wa pikipiki wanajua kama kikundi kinakutana kila Jumatano au kama kilikutana mara moja tu, siku ya wageni.

Ziara ndiyo inayopima pia wale wanaogawa. Watu wa Congo wana jina la ugonjwa huo: « opération retour ». Anayetoa msaada anadai sehemu yake irudi chini ya meza. Uchunguzi kuhusu rushwa katika misaada ya DRC, uliolipiwa na Uingereza na kujulikana hadharani mwaka 2020, ulieleza jinsi kudai kitu kidogo kulivyoenea, kutoka orodha za wanaosaidiwa hadi nafasi za kazi na mikataba. Mwaka uliofuata, tume huru iliyoongozwa na Aïchatou Mindaoudou pamoja na Julienne Lusenge ilitoa ripoti juu ya unyanyasaji wa kijinsia uliofanywa na watu wa kazi ya Ebola katika Kivu Kaskazini na Ituri. Wanawake walikuwa wamedaiwa miili yao ili wapate kazi.

Kwa hiyo shirika linalogawa pesa bila kuacha namba ya malalamiko inayojibiwa na mtu mwingine, asiye yule aliyekuja ziara, limeacha mlango wazi kwa mwizi wake lenyewe.

Pesa inapofika

Kikundi kilichochaguliwa hakipokei pesa zote siku moja. Mkataba unazikata kwa awamu: sehemu ya kwanza mwanzoni, ya pili baada ya ripoti, ya mwisho baada ya kazi kukaguliwa. Mfuko wa Kibinadamu unapanga washirika wake kwa viwango vya hatari, na mshirika mwenye hatari kubwa anapewa awamu ndogo zaidi na kukaguliwa mara nyingi zaidi. Mashirika madogo yanafuata njia hiyo hiyo kwa kipimo chao.

Shida inaanza sokoni. Mkaguzi anataka faktire yenye muhuri, lakini mama anayeuza sambaza au maharage hana muhuri. Mwenye pikipiki aliyembeba mgonjwa saa saba ya usiku hana stakabadhi. Suluhisho linalokubalika ni karatasi ya mapokezi: jina, kiasi, kazi, tarehe, namba ya simu, na sahihi au alama ya kidole, pamoja na shahidi mmoja. Ni lazima jambo hilo liandikwe katika mkataba tangu mwanzo. Likiachwa hadi siku ya ukaguzi, kikundi kilichofanya kazi vizuri kinaweza kuambiwa kirudishe pesa ambayo kweli iliwafikia watu.

Tangu Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwisho wa Januari 2025, na Bukavu katikati ya Februari, benki za miji hiyo zilifungwa. Mikataba iliyosema malipo yatapita benki tu ilikwama siku hiyo. Vikundi vingi viligeukia pesa ya simu, yaani M-Pesa, Airtel Money na Orange Money, na kukutana na gharama ambayo hakuna bajeti iliyokuwa imeiandika: asilimia anayodai mtu mwenye noti mkononi ili akupe pesa taslimu. Asilimia hiyo ikikatwa kwenye pesa ya kusindikiza wagonjwa, kuna wagonjwa ambao hawatasindikizwa. Wafadhili waliokubali haraka kuiandika kama gharama ya mradi waliokoa kazi.

Kasha lenye kufuli tatu

Wananchi wa Kivu hawahitaji kwenda mbali ili waone mgao unaoeleweka na kila mtu. Katika vikundi vya AVEC, ambavyo asili yake ni njia ya kuweka akiba iliyoanza Niger mwaka 1991, na katika MUSO za hapa, wanachama wanaketi mara kwa mara mbele ya kasha moja. Kasha la AVEC lina kufuli tatu, na funguo zake zinakaa kwa watu watatu tofauti. Pembeni ya akiba kuna pesa ya jamii: kila mmoja anatoa kidogo, na pesa hiyo inasaidia aliyefiwa, aliyelazwa, au ambaye nyumba yake imeungua.

Mgao huo una mambo mawili ambayo kamati nyingi za mashirika zinakosa. La kwanza, kiasi cha kila tukio kinajulikana kabla tukio halijatokea: kifo ni kiasi hiki, ugonjwa ni kiasi hiki. La pili, pesa inahesabiwa kwa sauti mbele ya wote. Anayekosa anajua kwa nini, na anayepata anajua kwamba majirani wanajua.

Kasha hilo lina mpaka wake. Ni dogo, na linasaidia wanachama tu. Aliye maskini hata kushindwa kutoa mchango wa wiki anabaki nje, na kwa ajili ya huyo ndiyo mashirika yalianzishwa. Hata hivyo, kutangaza vipimo mapema na kusoma hesabu hadharani hakugharimu dola hata moja. Shirika linaweza kubandika kwenye kibao cha ofisi, na kusoma redioni kwa Kiswahili, majina ya vikundi vilivyopata, kiasi cha kila kimoja, mahali na muda. Uangalifu unatakiwa pale ambapo kutaja anwani kunaweza kuleta watu wenye silaha kwenye mlango wa nyumba ya kusikilizia. Hapo kiasi kinatajwa na mahali panafichwa.

Aliyekosa aulize nini

Kikundi kilichokosa kina haki ya kuuliza bila kugombana. Kiulize kwanza kama kilikosa kwenye makaratasi, kwenye alama au kwenye ziara, maana dawa ya kila moja ni tofauti. Kiulize kilipata alama ngapi, na ni sehemu gani ilikuwa dhaifu. Kiulize kama faili linaweza kuwekwa kwa ajili ya bahasha itakayofuata, au kama kuna shirika lingine linalotafuta kazi ya namna hiyo katika eneo hilo. Maswali hayo yaandikwe katika barua, na nakala yenye tarehe ya kupokelewa ibaki kwa kikundi.

Shirika linalojua lilivyochagua litajibu kwa ukurasa mmoja. Lisilojibu baada ya barua ya pili, kikundi kinaweza kumwandikia mfadhili, ambaye jina lake mara nyingi liko chini ya tangazo lenyewe, pamoja na anwani ya malalamiko.